Jinsi ya kukokotoa saa iendayo kasi inachelewa kiasi gani, kwa rula na meli ya Ukerewe

Saa inayosafiri huhesabu muda mchache kuliko saa iliyobaki pwani. Wengi wameisikia habari hiyo na kuiacha hapo hapo, kana kwamba ni mali ya watu wa mbali wenye mitambo mikubwa. Mwongozo huu unakutaka uifanyie hesabu mwenyewe, na hesabu yenyewe haizidi kanuni ya Pythagoras unayoijua tangu sekondari. Ukiufuata hadi mwisho utaweza kuchukua chombo chochote, iwe meli inayotoka Mwanza kwenda Nansio, bandari ya kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Victoria, au setilaiti inayokatiza juu ya ziwa, na kusema saa yake inachelewa kiasi gani. Utaona pia kwamba hakuna mazingaombwe humu. Ukishakubali tabia moja ya mwanga, kazi yote iliyobaki inafanywa na pembetatu.

Andaa karatasi, penseli, rula ya sentimita 30 na simu yenye kikokotoo. Simu nyingi ukizilaza upande kikokotoo kinafungua vitufe vya kisayansi, na utakihitaji kile cha kipeuo cha pili.

Hatua ya 1: Pima mwanga kwa rula

Mwanga katika ombwe husafiri mita 299,792,458 kwa sekunde. Namba hiyo haina "takriban", kwa sababu tangu mwaka 1983 urefu wa mita yenyewe umewekwa kutokana nayo. Kwenye karatasi yetu tutasema kilomita 300,000 kwa sekunde, na hatutapoteza kitu.

Sasa ishike rula. Mwanga unazivuka sentimita zake 30 kwa nanosekunde moja, yaani sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja. Kwa maikrosekunde moja, yaani sekunde iliyogawanywa mara milioni, unakwenda mita 300. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kama kilomita 3, mwanga ungelivuka kwa maikrosekunde 10. Kutoka Mwanza hadi Nansio tuchukue kilomita 45 kwa ajili ya hesabu: maikrosekunde 150.

Meli ikienda kilomita 18 kwa saa, umbali huo huo inaumaliza kwa dakika 150. Ziweke namba hizo mbili kando kwa kando, maikrosekunde 150 na dakika 150. Pengo lililopo kati yake ndilo lililowazuia watu wa ziwa hili, kwa vizazi vyote vya mitumbwi na matanga, kuona jambo tunalokwenda kulikokotoa.

Hatua ya 2: Kubali mambo mawili, moja jepesi na moja gumu

Jepesi ni hili. Ziwa limetulia, meli inakwenda mwendo ule ule bila kukata kona, nawe umekaa chumba cha ndani kisicho na dirisha. Ukimimina chai, inaingia kikombeni kama nyumbani. Ukirusha sarafu juu, inarudi kiganjani. Hakuna jaribio lolote la humo ndani litakalokuambia kama meli inakwenda au imetia nanga. Galileo aliliandika hilo mwaka 1632, naye pia kwa mfano wa meli. Neno muhimu ni "mwendo ule ule": meli ikifunga breki au ikigeuka, chai itamwagika na utajua.

Gumu ni la mwanga. Ukiwa juu ya meli hiyo ukamrushia mwenzako aliye mbele chungwa, mtu wa pwani atajumlisha kasi ya mkono wako na kasi ya meli. Washa tochi kuelekea mbele, na mtu wa pwani hajumlishi chochote. Wewe unapima kilomita 300,000 kwa sekunde, naye anapima kilomita 300,000 kwa sekunde, mwanga ule ule mmoja.

Akili inakataa, na ina haki ya kukataa, ila vipimo havikubaliani nayo. Mwaka 1887 Albert Michelson na Edward Morley walitafuta tofauti ya kasi ya mwanga inayoletwa na mwendo wa dunia kulizunguka jua, mwendo wa kilomita 30 kwa sekunde, na hawakuipata. Mwaka 1964, katika maabara ya CERN, ulipimwa mwanga uliotoka kwenye chembe ziitwazo pioni zilizokuwa zikienda kwa zaidi ya asilimia 99.9 ya kasi ya mwanga. Kama kasi zingejumlishwa kama za chungwa, mwanga ule ungekuja karibu mara mbili ya kawaida. Ulikuja na kasi ile ile. Albert Einstein yeye alikuwa ameshaamua tangu 1905 kulichukua jambo hili kama msingi na kuona litampeleka wapi.

Ushauri wangu: usipoteze jioni nzima ukitafuta cha kulifananisha nalo. Lipokee kama lilivyopimwa, tuendelee.

Hatua ya 3: Jenga saa ya mwanga kichwani

Weka kioo kimoja kwenye sakafu ya meli, uso wake ukitazama juu. Kingine kiweke mita 1.5 juu yake, kikitazama chini. Hizo ni rula tano. Mwanga unapanda kwa nanosekunde 5, unashuka kwa nanosekunde 5, na kila unaporudi sakafuni saa inapiga mara moja. Kwa hiyo saa yetu inapiga kila baada ya nanosekunde 10. Hakuna duka la mjini linaloiuza, lakini ni saa halali, na uzuri wake ni kwamba haina gurudumu wala springi wala betri ya kutilia shaka. Ni urefu mmoja na mwanga.

Hatua ya 4: Chora pembetatu

Sasa yupo mtu ameketi kwenye mawe ya Capripoint, ufukweni Mwanza, anaitazama meli ikipita. Kwake mwanga haupandi wima. Wakati unapanda, kioo cha juu kimeshasogea mbele pamoja na meli, kwa hiyo njia anayoiona imelala kwa mshazari.

Chukua rula. Chora mstari wa ulalo wa sentimita 3 kutoka kushoto kwenda kulia: huo ndio mwendo wa meli wakati mwanga unapanda. Mwisho wake wa kulia pandisha mstari wa wima wa sentimita 4: huo ni urefu kati ya vioo. Halafu unganisha mwanzo wa ulalo na kilele cha wima, kisha pima. Utapata sentimita 5. Mafundi ujenzi wanaijua pembetatu hii vizuri, ndiyo wanayoivutia kamba kwenye kona za msingi wa nyumba ili kuta zikae mraba.

Isome hivi. Mtu wa Capripoint aliona mwanga ukienda sehemu 5 huku meli ikienda sehemu 3, kwa muda ule ule. Basi meli inakwenda kwa tatu ya tano ya kasi ya mwanga, asilimia 60. (Meli ya Ukerewe haina injini hiyo, lakini karatasi inaruhusu.) Mtu wa ndani ya meli aliona mwanga ule ule ukienda sehemu 4 tu, wima. Na kasi ya mwanga kwa wote wawili ni moja. Kwa kasi moja, njia ndefu inachukua muda mrefu, hapana namna nyingine. Kwa hiyo kati ya kuondoka kwa mwanga sakafuni na kufika kwake juu, pwani imepita sehemu 5 za muda na ndani ya meli zimepita 4.

Soma tena aya hiyo huku kidole kikiwa kwenye mchoro. Jambo lote limo humo, na kinachofuata ni kulisafisha.

Kwa herufi: kasi ya mwanga iwe c, kasi ya chombo v, muda wa pwani t, muda wa ndani ya chombo t₀. Mshazari ni ct, ulalo ni vt, wima ni ct₀. Pythagoras anasema:

(ct)² = (vt)² + (ct₀)²

Ukiitafutia t₀ unabaki na:

t₀ = t × √(1 − v²/c²)

Jaribu kasi kadhaa. Kwa asilimia 10 ya kasi ya mwanga, saa ya pwani inazidi ya chombo mara 1.005, tofauti ambayo hata mfanyabiashara mkali hatailalamikia. Kwa asilimia 50 inazidi mara 1.155. Kwa 80 ni mara 1.67, kwa 90 ni mara 2.29, kwa 99 ni mara 7.09, na kwa 99.9 ni mara 22.4. Angalia jinsi inavyolala usingizi kwa muda mrefu kisha inaamka ghafla mwishoni. Kwenye mchoro sababu inaonekana: kadiri mshazari unavyokaribia kulala sambamba na ulalo, wima unakuwa mfupi mno ukilinganisha nao.

Hatua ya 5: Hakikisha urefu wa vioo haukudanganyi

Mwanafunzi makini ataweka mkono juu hapa. Nani kasema mita 1.5 za ndani ya meli ni mita 1.5 pia kwa mtu wa pwani? Labda mwendo unafupisha urefu, na hesabu yote inaanguka.

Jibu linahitaji meli mbili na kopo la rangi. Meli mbili zinazofanana zinapishana ubavu kwa ubavu, kila moja imefungwa brashi yenye rangi mita 1.5 juu ya maji, ikigusa ubavu wa mwenzake. Tuseme mwendo unafupisha urefu wa wima. Nahodha wa meli ya kwanza atasema, "Ile ya pili ndiyo inayokwenda, brashi yake imeshuka, itanichora chini ya mita 1.5." Nahodha wa pili atasema hivyo hivyo kuhusu ya kwanza. Lakini alama ya rangi ikikauka haibishaniwi. Haiwezekani kila moja imechorwa chini kuliko brashi ya mwenzake. Njia pekee ya wote wawili kuwa sahihi ni alama zote kuwa mita 1.5 kamili. Urefu uliosimama mraba na mwendo haubadiliki.

Urefu unaoelekea upande wa mwendo ni habari nyingine, huo unafupika, nao tutakutana nao kwenye Hatua ya 9.

Hatua ya 6: Usiseme "ni saa ya mwanga tu"

Pingamizi la pili ni kwamba labda saa ya vioo inachelewa lakini saa ya mkononi inakwenda kama kawaida. Rudi kwenye chumba kisicho na dirisha. Kama saa ya mkononi isingechelewa pamoja na ya vioo, ungeziweka mezani pamoja, ungeona zinaachana, na ungejua meli inakwenda bila kuchungulia nje. Tulishakubali kwamba hilo haliwezekani. Kwa hiyo kila kinachohesabu muda ndani ya meli kinachelewa kwa kiasi kile kile: betri, mapigo ya moyo, ndevu zinazoota, sangara anayeharibika kwenye barafu iliyoyeyuka. Na kwa sababu vyote vinachelewa pamoja, abiria hahisi kitu. Wanaosema "ndani ya chombo unahisi muda ukienda polepole" wamekosea. Tofauti inajitokeza siku saa mbili zinapokutanishwa.

Hatua ya 7: Sasa ifanyie meli hesabu

Kilomita 18 kwa saa gawanya kwa 3.6: mita 5 kwa sekunde. Kosa ninaloliona zaidi kwenye madaftari ni kusahau mgawanyo huu na kuingiza 18 moja kwa moja, ilhali c iko kwa mita na sekunde.

Ukiingiza 5 kwenye fomula, simu nyingi zitakujibu 1 kamili. Usidhani umekosea. Tofauti ni ndogo kuliko tarakimu zinazoenea kwenye kioo. Kwa kasi ndogo tumia njia ya mkato: sehemu ya muda inayopotea ni v² gawanya kwa 2c². Hapa ni 25 kugawanya kwa 1.8 × 10¹⁷, sawa na 1.4 × 10⁻¹⁶.

Safari ya kwenda Nansio na kurudi, dakika 150 mara mbili, ni sekunde 18,000. Zidisha: 2.5 × 10⁻¹². Abiria anashuka Mwanza akiwa mdogo kwa sehemu mbili na nusu za sekunde iliyogawanywa mara trilioni moja kuliko pacha wake aliyebaki bandarini. Kwa muda huo mwanga wenyewe hauendi hata milimita moja. Meli ikisafiri mwaka mzima bila kusimama, pengo linafika nanosekunde 4 na kidogo, yaani rula nne za mwanga.

Kuna jambo la pili linalogusa saa, nalo ni uvutano wa dunia: saa iliyo juu zaidi inakwenda haraka zaidi. Kila mita moja ya kupanda inaongeza 1.1 × 10⁻¹⁶. Linganisha na hesabu ya meli uone ajabu. Ukiiweka saa yako mita 1.3 tu juu ya ile ya bandarini, faida ya kimo inafuta hasara yote ya mwendo. Na hiyo mita 1.3 ndicho kimo kile kile ambacho jiwe lingefika ukilirusha juu kwa mita 5 kwa sekunde, si kwa bahati, maana hesabu zote mbili ni v² kugawanya kwa 2g, g ikiwa ni mchapuko wa uvutano wa dunia. Kwa hiyo ukitaka kuilinganisha saa ya meli na ya pwani kwa haki, ziweke zote kimo kimoja juu ya maji.

Kwa sababu hiyo hiyo, ufukwe wetu ulioinuka mita 1,134 juu ya usawa wa bahari una saa zinazotangulia zile za ufukweni Dar es Salaam kwa nanosekunde 11 hivi kila siku. Watu wa Mwanza tunazeeka haraka kidogo kuliko watu wa Dar, jambo ambalo wao watalifurahia.

Hatua ya 8: Amua nani anachelewa

Hatua hii ndiyo inayowaangusha wengi, kwa hiyo nenda polepole.

Mtu wa meli ana haki ya kusema yeye ametulia na pwani ndiyo inayorudi nyuma. Kwake saa za pwani ndizo zinazochelewa. Na mtu wa pwani anasema za meli ndizo zinazochelewa. Wote wawili wako sahihi? Ndiyo. Tufanye kwa namba, kwa meli yetu ya karatasi ya asilimia 60.

Kilomita 45 kwa kasi hiyo ni maikrosekunde 250 kwa saa za pwani. Saa ya meli inahesabu nne ya tano yake, 200. Meli ilipita Mwanza saa zote zikisoma sifuri, na inafika Nansio saa ya Nansio ikisoma 250 na ya meli ikisoma 200. Hilo halina ubishi, saa hizo mbili ziko mahali pamoja na unaweza kuzipiga picha moja.

Nahodha anajua saa za pwani zinakwenda polepole kwake, nne ya tano ya saa yake. Zake zimepita 200, kwa hiyo za pwani zimeongezeka 160 tu. Basi iweje Nansio isome 250? Anajibu: "Kwa sababu saa ya Nansio haikulinganishwa sawasawa na ya Mwanza. Nilipoipita Mwanza, ya Nansio ilikuwa tayari imetangulia 90." Na 160 jumlisha 90 ni 250.

Je, watu wa pwani walizembea kulinganisha saa zao? Hapana, walifanya ipasavyo: walituma mwanga kutoka katikati ya njia uende pande zote mbili, na kila upande ukaweka sifuri ulipofika. Lakini nahodha, anayeiona pwani ikirudi nyuma, anaona Nansio ikiukimbilia mwanga na Mwanza ikiukimbia. Kwake mwanga ulifika Nansio mapema. Kumbe "kwa wakati mmoja" ya pwani si "kwa wakati mmoja" ya meli. Ukizidisha kasi kwa umbali na kugawanya kwa c² unapata kiasi cha kutofautiana: 0.6 mara maikrosekunde 150 ni 90. Hapo ndipo fumbo linapofunguka, na ndiyo maana nasema asiyeifanya hesabu hii hajaielewa mada, hata kama anaijua fomula kwa moyo.

Meli ikigeuka na kurudi kwa kasi ile ile, saa ya Mwanza itasoma 500 na ya meli 400. Hapa ubishi wa nani ametulia umekwisha, kwa sababu meli iligeuka na pwani haikugeuka. Chai ilimwagika upande mmoja tu. Nahodha naye akifanya hesabu zake anafika hapo hapo: wakati wa kwenda saa ya Mwanza iliongezeka 160, wakati wa kurudi 160, na pale alipogeuka hesabu yake ya "sasa hivi Mwanza ni saa ngapi" iliruka kutoka 160 hadi 340. Hakuna saa yoyote Mwanza iliyoruka. Ni yeye aliyebadili mwelekeo, na pamoja nao akabadili mstari wake wa "sasa hivi".

Hatua ya 9: Linganisha na vilivyopimwa

Anza na vilivyo juu ya kichwa chako. Miale kutoka angani inagonga hewa ya juu na kuzaa chembe ziitwazo myuoni, kwenye kimo cha kilomita 15 hivi. Myuoni iliyotulia huishi wastani wa maikrosekunde 2.2 kisha inavunjika. Kwa muda huo hata mwanga unakwenda mita 660 tu. Kama muda usingechelewa, katika kila bilioni isingefika hata moja chini. Zinafika, karibu moja kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika. Nyosha kiganja, zinapita.

Chukua myuoni ya asilimia 99.9. Zidisha 660 kwa 22.4: karibu kilomita 14.8, umbali unaotakiwa. Je, myuoni yenyewe inasemaje, maana kwake saa yake haichelewi? Inasema hewa ndiyo imefupika: kilomita 15 gawanya kwa 22.4 ni mita 670. Huo ndio ule ufupisho wa upande wa mwendo. Bruno Rossi na David Hall walizipima myuoni za angani mwaka 1941 kwenye milima ya Colorado, Marekani, na zilizokwenda kasi zaidi ziliishi muda mrefu zaidi. Mwaka 1977 CERN walizizungusha kwenye pete kwa kasi ambayo fomula inatoa mara 29.3, na maisha yake yakafika maikrosekunde 64. Zidisha 2.2 kwa 29.3 uone.

Kisha ndege. Oktoba 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walipanda na saa nne za atomu za seziamu kwenye ndege za abiria, wakaizunguka dunia kuelekea mashariki, halafu magharibi. Za mashariki zilirudi zimechelewa nanosekunde 59, za magharibi zimetangulia 273. Kimo kilizisukuma zote mbele. Upande wa mashariki mwendo wa ndege unajumlishwa na wa dunia inayozunguka, karibu mita 465 kwa sekunde kwenye ikweta, na upande wa magharibi unapunguzwa. Kwa hiyo usiichukue ndege ya Mwanza kwenda Dar ukaitumia v²/2c² peke yake, utakosea. Kwa meli ya Nansio nilihesabu kwenda na kurudi kwa njia ile ile kwa sababu hiyo: mchango wa mzunguko wa dunia unajifuta.

Mwisho ni GPS, ile ambayo mvuvi anaitumia kurudi kwenye nyavu zake usiku. Setilaiti zake ziko kilomita 20,200 juu na zinakwenda kilomita 3.87 kwa sekunde. Weka kwenye njia ya mkato, zidisha kwa sekunde 86,400 za siku: zinachelewa maikrosekunde 7 kwa siku. Kimo kinazitanguliza maikrosekunde 45. Zinabaki 38 mbele, na kwa mwanga hizo ni kilomita 11 kwa siku. Mwaka 1977 setilaiti ya majaribio NTS-2 ilirushwa ikiwa na swichi ya kurekebisha hilo, ikaachwa imezimwa kwanza ili waone. Baada ya siku 20 hivi saa yake ilikuwa inakimbia karibu sawasawa na nadharia, wakaiwasha. Siku hizi saa za GPS hupunguzwa mwendo kidogo kabla ya kurushwa.

Utasikia ikisemwa kwamba bila marekebisho hayo simu ingekuonyesha kilomita 11 mbali na ulipo. Hapo pametiwa chumvi. Ni umbali wa kila setilaiti ndio ungekosewa hivyo, lakini kosa linalofanana kwa setilaiti zote simu hulichukulia kuwa ni la saa yake yenyewe na kulitoa. Kingeharibika zaidi ni muda wenyewe, ambao mitandao ya simu na ya umeme inautegemea.

Zoezi

Kwa kasi gani saa ya chombo inahesabu nusu tu ya muda wa pwani? Usianze na fomula. Chora wima wa sentimita 5, kisha tafuta mshazari wa sentimita 10 unaotoka kilele chake hadi kugusa mstari wa ulalo. Pima ulalo: ukipata sentimita 8.7 hivi umechora vizuri. Kwa kikokotoo ni 8.66, yaani asilimia 86.6 ya kasi ya mwanga, kama kilomita 259,600 kwa sekunde. Kutoka Mwanza hadi Nansio kwa kasi hiyo pwani itahesabu maikrosekunde 173 na chombo 87 hivi. Saa ya Nansio, kwa nahodha, ilikuwa imetangulia kiasi gani alipoipita Mwanza? 0.866 mara 150, karibu 130, na saa za pwani kwake zimeongezeka nusu ya 87, kama 43. Jumla ni 173.